Kabla hujauza ditekta yako, ipeleke kwenye ukuta wa shimo

Nakodisha ditekta, mashine za kutafutia dhahabu ardhini, hapa Makongolosi, wilaya ya Chunya. Kabatini nina GPX 5000, Gold Monster 1000 na GPZ 7000 moja ambayo haitoki bila dhamana. Mvua zikikatika tu, vijana wanaanza kuja na maneno yaleyale: "Dada, hii yangu imechoka, nataka kubwa." Ningeweza kunyamaza nipokee hela. Lakini mtu akikosa dhahabu na mashine yangu, ataitangaza mji mzima kuwa ni mbovu, kwa hiyo namtaka afanye kazi kidogo kwanza.

Anza na karai. Chukua udongo na mawe ya eneo lako, saga, osha, uone dhahabu yake ikoje. Kama ni vumbi tupu, au ni mbale (mawe yenye dhahabu) ambayo dhahabu haionekani mpaka ipite kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, basi hakuna ditekta ya kukusaidia, iwe ya bei gani. Ditekta inasikia kipande, haisikii unga hata ukiwa mwingi. Kuna na ile dhahabu iliyotapakaa kama sifongo ndani ya jiwe jeupe la kwazi. Hiyo inaweza kuwa na gramu nyingi na bado ikalia kwa sauti ndogo kuliko kinageti, yaani kipande kidogo cha dhahabu, kilichoshikamana. Watu wengi wanaotaka kubadilisha mashine wanatakiwa kubadilisha eneo. Hapo tumemalizana, rudi nyumbani na hela yako.

Kama vipande vipo, sasa tuipime mashine. Usipime hewani kwa kupitisha pete mbele ya koili, ile sahani ya chini ya mashine, maana hewa haina chuma na udongo wetu mwekundu unacho kingi. Wala usichimbe kishimo, ukatumbukiza kipande na kufukia: udongo uliochimbuliwa una mlio wake, utajidanganya. Chimba mtaro wa kina cha goti, ukuta mmoja uwe wima, na udongo ulio juu ya ukuta huo usiuguse. Kwa nondo nyembamba toboa matundu ya kulala kwenye ukuta, moja sentimita 10 chini ya uso wa ardhi, jingine 20, jingine 30, yaachane vya kutosha, kila moja liingie ndani urefu wa mkono. Kisha bandika kinageti kwa selotepu kwenye ncha ya fito ya mti na ukisukume ndani. Fito inakusaidia usikipoteze, na juu yake udongo umebaki vilevile ulivyoumbwa. Huna nageti? Kipande cha risasi kilichokatwa kwenye chubwi ya kuvulia samaki kitatosha kwa kujaribu. Nondo, sururu na viatu vyenye chuma viweke mbali.

Sasa vaa hedifoni. Mwenzako awe anaingiza fito yenye kipande au fito tupu bila kukuambia ni ipi. Wewe unapitisha koili juu na kusema ipo au haipo, naye anaandika. Rudieni mpaka jibu lieleweke. Ukijua kipande kipo, sikio litakisikia hata kama mashine imezimwa, ndiyo maana nasisitiza asikuambie. Usiniulize namba ya kawaida ni sentimita ngapi. Udongo wa kichuguu na ule wa kwazi haulingani.

Ukishindwa, mpe mashine hiyohiyo mtu mzoefu. Akisikia yeye, tatizo si mashine, na hapa ndipo kesi nyingi zinapoishia. Mtazame anafanya nini. Anaisawazisha na udongo kwanza, akiinua na kushusha koili mpaka sauti itulie, na anarudia kila anapoingia kwenye udongo wa rangi nyingine. Koili inakaribia kugusa ardhi na haipandi kila anapomaliza kuipitisha kushoto au kulia, kama panga la kufyekea. Anakwenda polepole hata inaudhi. Simu ameizima, na yuko mbali na nyaya za umeme, karasha na ditekta za wengine. Akipata mlio wa kunong'ona hauruki: anakwangua udongo kidogo kwa kiatu na kusikiliza tena. Ukiongezeka anachimba, ukipotea ulikuwa udongo.

Naye mzoefu akishindwa, gusa mipangilio na koili kabla ya kufikiria duka. Kwenye GPX 5000, Normal ni ya udongo mpole, Enhance ni ya udongo wenye chuma kingi unaobadilikabadilika, na Fine Gold ni ya vipande vidogo kwenye udongo mkali. Nimepokea mashine zinarudi zimewekwa Cancel, ambayo hupunguza kelele za umeme lakini inakula kina. Koili ndogo inasikia vipande vidogo vilivyo karibu. Koili kubwa inazama zaidi ila vile vidogo inavipita. Eneo lenye vipunje vya robo gramu juu juu halihitaji mashine mpya, linahitaji koili ndogo, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine. Angalia tu kwamba koili za GPX 5000 hazifungi kwenye GPX 6000 wala GPZ.

Mashine mpya ina haki yake pale udongo unapoishinda teknolojia yenyewe. Gold Monster inarusha mawimbi mfululizo, kilohezi 45, na inasikiliza hapohapo inaporusha, kwa hiyo udongo wenye chuma nao unaijibu. GPX inarusha pigo, inakatiza, inasubiri kidogo, ndipo isikilize, wakati mlio wa udongo umeshafifia na wa dhahabu bado upo. Kama Gold Monster yako inalia kila hatua hata baada ya kupunguza usikivu, au tundu la 30 linasikika kwa mashine ya jirani na kwako halisikiki kwa koili yoyote, hapo nakubali. Lakini kodi kwanza. Tembea na yako, kila mlio wa mashaka uweke jiwe bila kuchimba, kisha pita na ya kukodi juu ya mawe yaleyale na katikati yake. Chimba yote, uandike ipi ilisikia nini. Ukikuta kubwa imeongeza misumari tu, umejua kwa bei ya siku moja. Maeneo ya Lupa, huku kwetu Chunya, yaliyochimbwa enzi za Mwingereza yamejaa misumari na makopo.

Hesabu ya kurudisha fedha ipige kwa mgao wako, si kwa kipande kizima. Toa cha mwenye leseni, mrabaha na ushuru unaokatwa soko la madini, mafuta ya pikipiki na chakula cha kijana anayechimba. Mashine kubwa ni bei ya bodaboda mpya kadhaa. Jiulize eneo lako limetoa gramu ngapi mwaka mzima.

Ukiamua kununua, namba ya mashine ihakikiwe na mtengenezaji au wakala wake kabla hela haijatoka mfukoni. Minelab, watengenezaji wa mashine hizi, wenyewe wameshatahadharisha kuhusu feki za mashine zao, na kwa macho huzitambui.

Kama ya zamani ni Gold Monster na hela inaruhusu, usiiuze. Kwenye vifusi vilivyotolewa kwenye maduara (mashimo ya wachimbaji), ukivitandaza vikawa vyembamba, inaokota vipunje ambavyo mashine kubwa yenye koili kubwa inavipita, na ni nyepesi. Hata mtoto wa dada yangu anashinda nayo.