Kosa la 500 baada ya kuhamishia tovuti kwenye seva ya pamoja

Tovuti iliyokuwa ikifunguka bila shida kwenye seva ya zamani huweza kuhamishiwa kwenye seva ya pamoja, yaani ile inayobeba tovuti za wateja wengi kwa wakati mmoja, na mwenye tovuti akakuta ukurasa mweupe wenye namba 500 na maneno machache yasiyomsaidia. Namba 404 humaanisha kwamba ukurasa haupo, na 403 kwamba umezuiwa kuufungua, lakini 500 husema tu kwamba seva imepokea ombi ikashindwa kulitekeleza. Sababu yenyewe huandikwa kwenye kumbukumbu za makosa za seva, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kubadilisha chochote.

Kwenye seva zinazoendeshwa kwa cPanel, yaani paneli ya kusimamia tovuti kupitia kivinjari, makosa ya PHP, lugha ambayo tovuti imeandikwa nayo, huandikwa katika faili liitwalo error_log, ambalo aghalabu huwa ndani ya folda ya public_html, ilhali makosa ya Apache, programu ya seva inayopokea maombi ya wageni, huonekana katika ukurasa wa Errors wa cPanel yenyewe. Fungua tovuti mara moja ili kosa litokee, tazama saa, kisha soma mistari ya mwisho. Saa inayoandikwa humo mara nyingi ni ya UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kosa lililotokea hapa Mtwara saa nane na dakika ishirini mchana litaonekana limeandikwa 11:20. Nimewaona watu wakiuruka mstari waliokuwa wakiutafuta kwa kudhani ni wa asubuhi.

Ikiwa umefungua tovuti na error_log haikupata mstari mpya, basi huenda ombi halikuifikia PHP kabisa. Limekwama kwa Apache, na mtuhumiwa wa kwanza ni faili la .htaccess, lenye maagizo ya tovuti kwa Apache. Nilipohamisha tovuti ya nyumba moja ya wageni ya Mikindani, nilipoteza jioni nzima nikibadilisha nenosiri la hifadhidata, kumbe kwenye ukurasa wa Errors palikuwa na mstari huu tangu mwanzo:

Invalid command 'php_value', perhaps misspelled or defined by a module not included in the server configuration

Seva ya zamani iliendesha PHP ikiwa sehemu ya Apache, hivyo iliielewa amri ya php_value iliyokuwa ndani ya .htaccess. Seva nyingi za pamoja huendesha PHP kando, kwa CGI au PHP-FPM, na Apache ikikutana na amri hiyo huikataa na kusimamisha tovuti nzima. Dawa yake ni kuiondoa mistari hiyo na kuiandika upya katika faili la .user.ini, ambalo ni la mipangilio ya PHP, kwa alama ya usawa: upload_max_filesize = 64M. Usishtuke badiliko lisipoonekana papo hapo, kwa sababu kwa kawaida PHP hulisoma upya faili hilo kila baada ya sekunde 300.

Kama huna hakika ni mstari upi wenye kosa, badilisha jina la .htaccess liwe htaccess-zamani, kisha fungua tovuti tena. Faili hilo limefichwa. Kwenye File Manager ni lazima kwanza uingie Settings na kuruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane. Tovuti ikifunguka, rudisha mistari kidogo kidogo hadi kosa lijitokeze. Angalia hasa mstari wa AddHandler unaotaja toleo la PHP, kwa kuwa huo uliandikwa na seva ya zamani na hauna kazi kwenye mpya.

Faili la .user.ini nalo huhamishwa pamoja na mengine, na likiwa na mstari wa auto_prepend_file, unaoiamuru PHP isome faili fulani kabla ya mengine yote na ambao programu-jalizi za ulinzi kama Wordfence huuweka, litaitafuta njia ya seva ya zamani ambayo haipo tena. Sahihisha njia hiyo au uuondoe mstari.

Kisha kuna ruhusa za mafaili, yaani namba zinazoonyesha nani anaweza kusoma, kuandika au kuendesha faili. Folda ziwe 755 na mafaili 644. Wengi wetu tulizoea kuweka 777 ili mambo yakubali, lakini seva za pamoja zinazotumia suPHP au suEXEC, programu zinazoendesha msimbo kwa jina la mwenye akaunti, hukataa kuendesha faili ambalo kila mtu anaweza kuliandika, na jibu lake ni hiyo hiyo 500.

Ikiwa error_log imepata mstari, kazi ni nyepesi. Maneno "undefined function mysql_connect()" yanamaanisha kwamba msimbo ni wa zamani, kwani kundi hilo la amri liliondolewa katika PHP 7.0. Rudi toleo la chini kwa muda ikiwa seva inalo, huku ukiurekebisha. Kosa la kuunganisha hifadhidata mara nyingi linatokana na cPanel kuweka jina la akaunti yako mbele ya jina la hifadhidata na la mtumiaji, hivyo yaliyomo katika wp-config.php, faili la mipangilio la tovuti za WordPress, hayalingani tena. Neno "unexpected end of file" huashiria faili lililopakiwa nusu, jambo la kawaida kwetu bando linapoisha au umeme unapokatika katikati ya kupakia mafaili kwa FTP. Mimi sipakii tena mafaili maelfu moja moja. Napakia zip moja na kuifungua ndani ya seva. Na aliyetengeneza tovuti kwenye Windows akumbuke kwamba kwa Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi hizi, Korosho.php na korosho.php ni mafaili mawili tofauti.

Namba 508 ni jambo jingine: akaunti imefikia kikomo chake cha matumizi, na hapo msimbo unaweza kuwa hauna kosa.

Yote haya yafanye kabla ya kuielekeza domeini kwenye seva mpya, kwa kuandika anwani ya IP yake na jina la tovuti katika faili la hosts la kompyuta yako, ili wewe pekee uione seva mpya huku wateja wakiendelea na ya zamani. Ukimaliza, ifute error_log iliyo ndani ya public_html, kwa sababu seva isipokuwa imeizuia, mtu yeyote anayejua jina lake anaweza kuisoma.