Namna ya Kumwandaa Ng'ombe wa Maziwa kwa Maonesho ya Nane Nane Nyamhongolo

Maonesho ya Nane Nane hufikia kilele tarehe 8 Agosti, wakati ambapo malisho ya Mwanza yamekwisha kukauka na ng'ombe wengi wamepungua maziwa. Kwa hiyo mfugaji anayekusudia kumpeleka ng'ombe wake katika viwanja vya Nyamhongolo, Ilemela, asingoje Julai ashike sabuni na brashi, bali aanze Aprili au Mei, masika yangali yananyesha na mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, yangali mabichi.

Kazi ya kwanza ni kutengeneza sileji, yaani malisho mabichi yaliyochachushwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Yavune mabingobingo yanapofikia urefu wa mita 1 hivi, kabla mashina hayajawa magumu. Yaache yanyauke kwa saa chache, kisha uyakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 3. Nyunyizia molasesi (uji mzito mtamu unaobaki sukari inapotengenezwa) iliyozimuliwa kwa maji, jaza katika mifuko mizito ya nailoni au katika shimo lililotandikwa turubai, na ushindilie kwa nguvu zako zote, kwa maana hewa ikibaki ndani ukungu hauna budi kuota. Baada ya wiki 6 hivi, sileji iliyofaulu huwa na rangi ya kijani iliyopauka na harufu ya uchachu usiochukiza. Iliyooza au kuota ukungu itupwe, hata kama inauma kuitupa. Pamoja na sileji, mpe ng'ombe mashudu ya pamba, ambayo kanda yetu inayapata kwa urahisi kuliko nyingine nyingi, pumba za mahindi na jiwe la chumvi. Vumbi la dagaa lina protini nyingi, ila mimi silipendi: mara nyingi limejaa mchanga, na likizidi huyapa maziwa harufu ya samaki. Maji yasikatike, kwani ng'ombe anayekamuliwa aweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku.

Kuanzia Juni mfundishe kutembea kwa hatamu, dakika 15 hadi 20 kila siku, akiongozwa na mtu yuleyule atakayemwingiza uwanjani. Msogeze pia karibu na barabara au muziki, kwa sababu ng'ombe aliyezoea ukimya wa banda hushtuka asikiapo vipaza sauti, akainamisha kichwa na kukunja mgongo mbele ya majaji.

Majaji wa ng'ombe wa maziwa hawatafuti unene. Hutazama kiwele kilichoshikamana vyema na tumbo, chuchu 4 zilizolingana, mgongo ulionyooka, na miguu imara isiyogongana anapotembea. Wapo wanaoacha kukamua ili kiwele kionekane kimejaa; huko ni kumtesa mnyama na kukaribisha ugonjwa wa kiwele, na jaji mzoefu hutambua hila hiyo mara moja.

Mwite afisa mifugo wa kata wiki kadhaa kabla ya safari, ili akague chanjo za ugonjwa wa miguu na midomo na mapele ngozi, na akueleze taratibu za kibali cha kusafirisha mifugo. Endelea kumwogesha dhidi ya kupe bila kukosa ratiba, kwa kuwa ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, humuua chotara wa Friziani upesi kuliko zebu wetu. Andaa pia daftari lenye tarehe za kuzaliwa, kupandishwa na kuzaa, pamoja na lita za kila siku. Anayetaka kununua mtamba kwako ataliomba kabla hajauliza bei.

Siku ya safari mkamue kwanza, umpakie alfajiri katika gari lililomwagwa mchanga ili asiteleze. Atakaporejea, mtenge na wenzake kwa siku 14 na umkamue wa mwisho, maana uwanjani amekutana na mifugo usioijua afya yake. Sileji iliyobaki usiimalize kwa furaha ya ushindi: ipime kila siku, kwa sababu kati ya Nane Nane na mvua za vuli kuna miezi miwili hivi ya ukavu, na mteja wako wa maziwa atagonga mlango kila asubuhi kama kawaida.