SOMO: Kupanga posti mbele ya wakati, kwa sisi benye biashara ndogo hapa L'shi (Lubumbashi)

Jambo yenu bote. Bamama kama wawili batatu balinilalamikia hapa: "natuma foto ku stati ya WhatsApp kila siku, hakuna mutu anajibu, lakini jirani mwenye cherehani kama yangu anajaziwa komandi." Basi tuongee juu ya kupanga. Haiombe kompyuta, kaye ya mistari na biki vinatosha.

Mwenye biashara anatumaka posti siku iko na nafasi, ao siku feza imemuishia. Mukliya naye iko na siku yake ya kununua, na ile siku hauipangi wewe. Kupanga ni kujua ile siku mapema. Nitachukua mfano wa mama wa kushona na kuuzisha vikwembe ku Kenya (komini ya hapa L'shi, haiko inchi), wengine mutageuza kufwatana na kazi yenu.

HATUA YA 1: Andika siku kubwa za mwaka, kiisha uhesabu kurudi nyuma

Hapa njo kazi yote iko. Tuchukue 8 Machi, siku ya bamama. Bamama ba kazini, ba kanisa, ba kikundi cha likelemba (kuchangia feza kwa zamu), banavaaka kikwembe kimoja. Sasa hesabu: lazima bapatane rangi (na ile peke yake inaweza kumaliza juma mbili, munajua wenyewe), banunue, bapimwe, ushone, bajaribu, urekebishe yenye inabana. Ukianza kutuma foto tarehe 1 Machi umeshachelewa, fundi wa maana mikono imejaa. Kwa hiyo mwisho wa Januari onyesha vikwembe vyenyewe na bei ya kikundi, mwanzo wa Februari onyesha modeli, katikati ya Februari tangaza siku ya mwisho ya kupokea komandi. Hii ya mwisho usiisahau, juu njo inafanyaka mutu alipe avansi leo. Machi ikiingia, onyesha paka kazi yenye imekwisha na vitu vya haraka kama kitambaa cha kichwa.

Vilevile masomo ya Septemba: bulu na nyeupe ya batoto ianze kuonekana Julai, mbele feza ya muzazi haiyaenda ku minervali (feza ya masomo). 30 Juni (siku ya uhuru), Noeli na Bonane, hesabu namna ileile. Ila 1 Agosti, siku ya bazazi, asubuhi batu beko ku makaburi, tafazali usitume promo ya kelele saa ile, ngoja mangaribi.

HATUA YA 2: Okota maulizo ya bakliya

Fungua telefone usome yenye banakuulizaka. Inachukua siku ngapi? Ikinibana munarekebisha bure? Rangi haitoke nikifua? Kila ulizo ni posti moja, umeshaipata bila kuumiza kichwa. Ya rangi usiandike maneno mingi: lowesha pembe ya kikwembe, sugua na kitambaa cheupe, ufilme kitambaa kikibakia cheupe. Sekunde 20 zinatosha. (Kikichafuka, basi hicho kikwembe usikiuzishe.)

HATUA YA 3: Piga foto zote siku moja

Asubuhi, ku mulango, kwenye mwangaza inaingia, mbele umeme haujakatika na telefone ingali na chaji. Piga nguo nzima, kiisha sogea karibu: kola, mushono wa ndani, kifungo. Na uache kuokota foto za bamodeli ba Lagos ku intaneti, mukliya akikuambia "nataka vile vile" utafanya nini?

HATUA YA 4: Gawa ku juma

Stati inapotea kisha saa 24, kwa hiyo posti ya maana rudilia siku ingine na foto ingine. Tatu kwa juma zinatosha: jibu moja la ulizo, kazi moja yenye imekwisha, na bei moja. Bei weka karibu na mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka. Na kila komandi, andika mu kaye ilitoka ku posti gani.

MAULIZO

Mama wa vitumbula, Katuba: Mie nauzisha kila asubuhi, nipange nini?
— Wewe mama panga paka juma. Mangaribi ya Ijumaa tuma foto ya sahani kubwa, andika "komandi ya sikukuu ya mutoto, unijulishe siku mbili mbele". Ya kila asubuhi iache, harufu inakutangazia.

Fundi wa telefone, Kampemba: Mega za intaneti zinaniishia, kaka.
— Zima kujidauniloda kwa foto za magrupu, njo zinakulaka. Kiisha weka WhatsApp Business, haiombe feza, bidhaa na bei unaingiza mara moja mu katalogi, mutu akiuliza unamutumia ile tu.

Yaya wa Ruashi: Nikionyesha modeli mapema si bataiba?
— Bataiba, na ukichelewa bataiba pia. Lakini mukliya analipa avansi kwa mwenye aliona wa kwanza.

Mama wa vikwembe, Kamalondo: Niko na manamba mingi sana lakini stati inaonwa na batu kidogo.
— Mama, stati haimufikie mutu kama hakuweka namba yako mu telefone yake, hata wewe umeweka yake. Ni vilevile kwa ile listi ya kutumia batu wengi ujumbe mara moja. Siku anakuja kubeba nguo, mbele haujamufungia sashe, mwambie aandike jina lako palepale, na umungojee amalize.