Jinsi ya kujua kama waziri mkuu wa Uingereza atachomoka kwenye skendo

Usihangaike na vichwa vya magazeti, hesabu barua za wabunge wa chama chake wanaotaka aondoke. Chukua kesi ya Boris Johnson, waziri mkuu wa chama cha Conservative, 2022, jamaa kapigwa faini mwezi wa 4 kisa bethdei yake ya Juni 2020, imefanyika kwenye chumba cha mikutano ya mawaziri wakati mikusanyiko ya ndani imepigwa marufuku kisa corona, na uchaguzi wa madiwani ni tarehe 5 Mei, yaani wiki tatu tu mbele.

Waangalie wabunge wa chama chake, wapinzani ni kelele tu. Kipindi kile asilimia 15 ya wabunge wa Conservative, yaani 54, wakiandika barua, kura ya imani ndani ya chama ilikuwa inapigwa. Ila wengi wanasubiri madiwani wachapwe kwanza, nani anataka lawama?

Usiku wa matokeo cheki ngome. Halmashauri ya Wandsworth, London, Conservative walikuwa nayo tangu 1978, ikaenda, na ya Westminster, hapo hapo London, ambayo walikuwa hawajawahi kuipoteza nayo ikaenda, hapo ujue moto umeshika paa.

Akishinda kura usimpongeze haraka, soma za hapana. Boris alipata 211 kwa 148 tarehe 6 Juni, mwezi mmoja tu mawaziri wakaanza kujiuzulu kwa mafungu, 7 Julai akatangaza anaondoka.