Fremu ya Mbeya, Hela ya Ughaibuni: Mtafute Wakili Wako Kwanza

Picha iliingia kwenye WhatsApp alfajiri, bado niko kitandani, huku Leicester. Karatasi moja iliyochanwa kwenye kaunta buku, maandishi ya kalamu ya bluu, sahihi tatu na muhuri wa serikali ya mtaa. Chini yake mdogo wangu, aliye Mbeya, ameandika: "Kaka, fremu ya duka ya Mwanjelwa imepatikana. Dalali anasema kuna mtu mwingine anaitaka, tulipe leo." Nikatuma kodi ya mwaka mzima kabla sijanywa chai.

Miezi minne baadaye wakaja ndugu wa mwenye fremu, wameshika Fomu namba nne ya Mahakama ya Mwanzo, ile inayomtaja msimamizi wa mirathi. Baba yao alishafariki, na msimamizi wa mirathi alikuwa dada yao mkubwa. Aliyekula hela yangu alikuwa mtoto wa tatu, anaishi tu pale uani. Mdogo wangu akapakia friji mbili na shelfu kwenye Kirikuu, akarudi nyumbani. Mimi kwenye simu nikawa narudia neno moja: "Lakini si una muhuri?"

Wengi wetu tulio nje tunaliwa hapo hapo kwenye muhuri. Mwenyekiti wa mtaa anawajua watu wake, na huo ni msaada mkubwa, ila yeye siye anayethibitisha miliki. Hata muhuri wa wakili unaweza kukuponza. Wakili anayeshuhudia sahihi anasema tu kwamba fulani na fulani wamesaini mbele yake. Hajasema kwamba mkataba ni mzuri kwako. Mara nyingi ni dalali anayewapeleka kwake, na dakika kumi mmeshatoka. Unayemhitaji ni wakili mwingine, uliyemtafuta na kumlipa wewe, asome kabla hela haijatoka. Muulize mapema kama ameshawahi kumfanyia kazi mwenye nyumba huyo. Halafu ingiza jina lake kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama, uone kama yumo na kama leseni yake ya mwaka huu ni hai. Vishoka wapo, na suti zao zimenyooka kuliko za mawakili wenyewe.

Kazi yake ya kwanza ni kujua nani ana haki ya kupangisha. Kama kiwanja kina hati, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati: jina la nani limo, kuna rehani ya benki, kuna aliyeweka zuio juu yake? Pale Mbeya nyumba nyingi za mabondeni na milimani hazijapimwa, hivyo wakili itabidi aombe karatasi za mauziano, aulize majirani, na kama mwenye mali amefariki, adai hiyo Fomu namba nne. Fremu zikiwa zimechomoza kwenye nyumba wanamoishi mume na mke, asaini na mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kupangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Aangalie pia matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, maana kiwanja cha makazi kinaweza kukusumbua ukienda jiji kuomba leseni ya biashara.

Halafu kuna barabara. Fremu tamu kuliko zote Mbeya zinatazama barabara kuu ya Zambia: Uyole, Mafiati, Kabwe. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, na kipande cha kutoka Nsalaga kuelekea uwanja wa ndege wa Songwe kiko kwenye mradi wa njia nne. Mtume mtu na futi kamba. Atazame na kuta, hata zilizopakwa rangi juzi, kama chini yake kuna alama ya X ya kubomolewa. Mkataba useme wazi kwamba jengo likibomolewa, kodi ya miezi iliyobaki inarudi kwako.

Kwenye kodi ya serikali watu hugombana sana, na ni kwa sababu hawakuongea mapema. Tuseme fremu ni shilingi 500,000 kwa mwezi, yaani 6,000,000 kwa mwaka. Mpangaji wa biashara anatakiwa kukata kodi ya zuio asilimia 10, ambayo hapa ni 600,000, aipeleke TRA, mwenye nyumba apokee 5,400,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, 60,000. Ukimpa mwenye nyumba hela yote mkononi, TRA watakudai wewe mpangaji. Na mkataba usiolipiwa stempu hausimami kama ushahidi hadi ulipiwe. Akitaka dola kwa kuwa amesikia uko Ulaya, mkumbushe kanuni za 2025 zinazokataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Mkataba uwe kwa jina la nani? Ukiandikwa jina la mdogo wako, mpangaji ni yeye, hata kama kila senti ni yako. Ukitaka uwe wako, mpe hati ya uwakilishi uliyoisaini mbele ya mthibitishaji huko uliko na kuipitisha ubalozini, itaje fremu hiyo tu. Mdogo wangu alinuna siku mbili nilipomwambia. Yakaisha.

Mara ya pili ilituchukua siku kumi na moja, na fremu nyingine ya Mwanjelwa tuliyoilenga ikachukuliwa na mtu mwingine kweli. Tukapata Soweto, hapo hapo Mbeya. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima wa Kinyakyusa, akamwambia wakili wetu, "Mwanangu, mimi nataka changu kamili, mambo ya TRA malizaneni wenyewe." Wakili akamsalimia upya, shikamoo, akampigia hesabu kwenye karatasi, wakakubaliana kodi ipande kidogo na zuio likatwe humo humo. Akaongeza notisi ya miezi mitatu, luku yetu peke yetu, milango ya alumini tutakayoweka tuondoke nayo, na kifungu kimoja nilichokiona cha kupoteza wino: paa likivuja, mwenye nyumba atengeneze ndani ya siku saba, la sivyo tutengeneze sisi na kukata kwenye kodi. Ilikuwa Agosti, vumbi tupu, dari safi kama karatasi.

Desemba maji yakashuka juu ya magunia ya mchele wa Kyela. Mdogo wangu akampigia mama simu Jumatatu, akamtajia kifungu namba tisa. Jumatano fundi alikuwa juu ya bati.