Namna ya kusoma habari ya kombora kabla hujaisambaza

Nafundisha jiografia sekondari hapa Dodoma. Kila kombora likirushwa huko duniani, wazazi na wanafunzi hunitumia ujumbe wa hofu, nami huwaelekeza hivi.

Anza na masafa. Tundika ramani ya Tanzania yenye skeli ya 1:2,000,000, funga penseli kwenye uzi wa sentimita 15, bana ncha nyingine pale Dodoma, kisha zungusha. Duara hilo ni kilomita 300. Singida, Iringa na Morogoro zimo ndani. Dar es Salaam imebaki nje, maana kwa mstari ulionyooka iko kama kilomita 400. Namba hiyo ya 300 sikuiokota. Mwaka 1987 nchi saba tajiri zilianzisha MTCR, mpango wa kudhibiti uuzaji wa teknolojia ya makombora, na chombo kinachoweza kubeba kilo 500 kwa kilomita 300 au zaidi kiliwekwa kwenye kundi linalobanwa kuliko yote.

Kwa hiyo uliza na mzigo. Kombora lilelile likipunguziwa uzito hufika mbali zaidi.

Kisha uliza limepita njia gani, na hapa nakuomba utulie, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotea. Kombora la kruzi huruka chinichini, injini ikiwaka safari nzima. La balistiki injini yake huwaka dakika chache tu, halafu linakwenda kama jiwe lililorushwa. Novemba 2017 Korea Kaskazini ilirusha Hwasong-15, likaanguka baharini umbali wa kilomita 950 hivi. Ukipima hapo kwenye ramani utasema ni la masafa mafupi. Kumbe lilikuwa limepanda juu karibu kilomita 4,500! Lingerushwa kwa njia ya kawaida, wataalamu walikadiria lingepita kilomita 10,000. Habari isiyotaja kimo haijakwambia kombora lina uwezo gani.

Malizia na sheria, pamoja na tarehe. MTCR si mkataba. Ni makubaliano ya hiari ya wanachama 35, na Korea Kaskazini haimo, wala Iran. Mkataba wa INF, uliozizuia Marekani na Urusi kuwa na makombora ya kurushwa kutoka nchi kavu ya kilomita 500 hadi 5,500, ulikoma Agosti 2019. Ujumbe unaodai bado unazibana, usiupeleke kwa mtu.