Mbolea ya ruzuku: usiiache iende na maji

Masika yakikaribia, swali la wakulima wa mpunga bondeni huwa moja: "Mbolea imefika?" Mimi huuliza jengine: matuta yako ya kuzuia maji umeshayamaliza?

Mwaka mmoja nilisimama na mama mmoja kwenye bonde karibu na Wete, Pemba. Alikuwa ametia polo (gunia) zima la mbolea ya urea kwa siku moja, jaruba limejaa maji. Usiku mvua ikanyesha, tuta likakatika. Wiki mbili baadaye mpunga wake bado wa manjano, na jaruba la jirani wa chini limekoza kijani. Mchango wa mkulima kwenye mbolea ya ruzuku alilipa yeye, mbolea ikaliwa kwa jirani. Iliniuma, maana polo la kilo 50 lina kilo 23 tu za naitrojeni, chakula chenyewe cha mpunga, na zile zilikuwa zishakwenda.

Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikiwapunguzia wakulima wa mpunga gharama za trekta, mbegu, mbolea na dawa ya magugu. Wengi hunionesha kwenye simu habari za ruzuku ya Bara. Ndugu zangu, kilimo si jambo la Muungano. Utaratibu wa mbolea ulioanza Bara 2022 hauhusu bonde la Pemba. Kwetu anza kwa sheha na bwana shamba au bibi shamba wako, mapema, kabla trekta halijaingia bondeni.

Kabla ya kuandikisha, pima. Eka moja ni kama mita 70 kwa 58. Ukitaja eka kwa kukisia, utalipia mbolea usiyoihitaji au utapungukiwa katikati ya msimu. Na ukishalipa mchango wako, ondoka na risiti yenye jina lako, aina ya mbolea na idadi ya mapolo.

Sasa shambani, ndiko hasara kubwa iliko. TSP au DAP, mbolea zenye fosforasi, ni ya kupandia: itie wakati wa kuburuga, ichanganyike na udongo. Urea ni ya kukuzia, na igawe mara mbili. Mara ya kwanza ni wiki mbili hadi tatu baada ya kupandikiza, ukishapalilia. Ukitia kabla, unalisha magugu. Toa maji jarubani yabaki kidogo tu, ziba matuta, tia, kisha acha siku mbili tatu ndipo urudishe maji. Ukiona wingu zito, subiri.

Mara ya pili wengi huchelewa, wakingoja mpunga uonekane umeshika mimba. Usingoje hivyo. Ng'oa shina moja kubwa, lipasue kwa wembe kutoka chini kwenda juu. Juu ya fundo la mwisho, ukiona kitu cheupe chenye manyoya, kidogo kama ncha ya sindano, hicho ndicho kishada kinaanza. Wiki hiyo hiyo tia urea iliyobaki. Kwa kweli hapa ndipo punje nyingi hupatikana au hupotea, na kazi yenyewe ni ya wembe mmoja na dakika tano.

Polo lililofunguliwa lifunge mdomo, liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, watoto na mbuzi. Urea huvuta unyevu ikaganda kama jiwe. Ikiganda iponde tu, bado inafaa.